Mabasi yateketea, chanzo chazikwa majivuni

KWA msafiri wa barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, picha hiyo si ngeni. Mifupa ya chuma imesimama kando ya lami, viti vimebaki fremu tupu, magurudumu yameungua na kushikana na barabara. Mbali kidogo, kundi la abiria limeketi juu ya majani makavu likiutazama mzigo wake ukigeuka majivu. Habari inayoandamana na picha huwa na sentensi tatu ambazo msomaji angeweza kuzikariri kabla ya kuzisoma: kwamba moto ulianzia kwenye injini, kwamba abiria wote waliokoka, na kwamba chanzo kinachunguzwa.

Sentensi ya nne ndiyo isiyoandikwa. Wiki hupita, mwezi hupita, na kwa kawaida umma hauelezwi injini hiyo ilikuwa na kasoro gani, nani aliikagua mara ya mwisho, wala iwapo mabasi mengine ya aina iyo hiyo yangali barabarani na kasoro iyo hiyo. Mabaki huvutwa hadi uani mwa kituo cha polisi, doa jeusi hubaki kwenye lami, na safari za usiku huendelea kama kawaida.

Ijumaa inapofika, abiria hurejea kwenye foleni za tiketi wakiwa na hofu, lakini bila maarifa. Mmoja huapa kwamba hatapanda tena magari ya kampuni fulani kwa kuwa yana mikosi. Mwingine huamini kwamba basi jipya haliwezi kuwaka. Wa tatu hunong'ona kwamba mwenye gari amelichoma mwenyewe ili alipwe na bima. Wa nne hujiliwaza kwa msemo wa wahenga kwamba ajali haina kinga, akapanda na kulala usingizi hadi Mariakani. Wote wanne wanakisia, na hakuna aliyewapa kitu bora kuliko kukisia.

Swali linalostahili kuulizwa basi ni hili: je, umma unaogopa kinachofaa kuogopwa, na ni nani mwenye jukumu la kuuelekeza?

Kwa hesabu ya vifo pekee, moto wa injini si muuaji mkuu katika barabara za Kenya. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zinaonyesha kwamba watu 4,748 walipoteza maisha barabarani mwaka wa 2024. Kundi kubwa zaidi, kama ilivyo kila mwaka, lilikuwa la wanaotembea kwa miguu, likifuatwa na watumiaji wa pikipiki. Mikasa ya mabasi iliyoliliza taifa katika miaka ya karibuni haikutokana na moto. Huko Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, zaidi ya watu 50 walifariki Oktoba 2018 basi la usiku lilipobingiria na paa lake kunyofoka. Katika daraja la Nithi, Julai 2022, zaidi ya 30 waliangamia basi lilipotumbukia bondeni.

Hata hivyo, mwanadamu hapimi hatari kwa vidole vya karani wa takwimu. Hupima kwa macho. Mtu anayegongwa akivuka barabara gizani hufa bila picha. Basi linalowaka hupigwa picha na kila mwenye simu, moshi wake huonekana umbali wa kilomita kadhaa, na kabla halijazimika video yake imeshafika Busia na Lamu. Fauka ya hayo, moto humtisha binadamu kwa namna ya pekee. Abiria huwaza jinsi ambavyo angefungiwa ndani ya sanduku la bati na vioo pamoja na watoto wake, akiwa nambari ya mwisho kwenye foleni ya kuelekea mlango mmoja.

Jiji la London lilionja nguvu ya picha hizo. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2003 na Machi 2004, mabasi matatu marefu yenye kiungo katikati, ambayo yalikuwa bado mapya, yaliungua. Hakuna aliyefariki. Mabasi takriban 130 ya aina hiyo yaliondolewa barabarani kwa muda ili yarekebishwe, kisha yakarejeshwa kazini. Lakini wananchi walikuwa wamekwisha kuyabandika jina la Chariots of Fire, kwa kucheza na filamu maarufu ya mwaka wa 1981. Kasoro ilirekebishwa ila jina halikufutika. Mabasi hayo yalipoondolewa kabisa Desemba 2011 chini ya Meya Boris Johnson, hoja zilizotangulizwa zilihusu msongamano na usalama wa waendesha baiskeli, ilhali kwa wakazi wengi jina lile la moto lilikuwa lingali hai.

Mjini Roma, Italia, basi la umma liliteketea Mei 2018 katika barabara ya Via del Tritone, katikati mwa jiji, mchana kweupe. Halikuwa la kwanza. Warumi walikuwa wamekwisha kubuni neno la kejeli, flambus, la kuyaita mabasi yao yaliyochakaa na ambayo yalishika moto mara kwa mara. Kicheko hicho kilikuwa na hoja ndani yake, kwa kuwa kilimwelekea anayepaswa kuyatunza mabasi.

Katika mifano hiyo miwili hakuna abiria aliyekufa, na mtu angeweza kuhitimisha kwamba moto wa basi ni tamasha la kutisha lisilo na madhara ila kwa mwenye mali na mwenye mzigo. Nchini Marekani, Shirika la Taifa la Kinga dhidi ya Moto lilikadiria kwamba kati ya 1999 na 2003 mabasi takriban sita yalishika moto kila siku, mengi yakianzia sehemu ya injini au magurudumu, na waliofariki walikuwa wachache mno. Yaani kwa kawaida dereva husimama, abiria hushuka, basi huungua.

Kawaida hiyo ndiyo inayolaza watu usingizi. Tofauti kati ya basi lililoungua tupu na lililoungua na watu huwa ni dakika chache, na mara nyingi dakika hizo huamuliwa na mambo madogo: mlango uko upande gani, abiria wana nguvu kiasi gani, dereva amegundua moto mapema au amechelewa.

Septemba 23, 2005, wazee waliokuwa wakihamishwa kutoka makao yao ili kuepuka Kimbunga Rita walikuwa ndani ya basi karibu na Wilmer, jimbo la Texas, Marekani. Moto ulianzia kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia. Kati ya abiria 44, waliofariki walikuwa 23, wengi wao wakiwa watu wasioweza kutembea bila kushikwa mkono. Basi hilo lilikuwa limebeba pia mitungi ya oksijeni ya wagonjwa, na ingekuwa rahisi kuitwika mitungi hiyo lawama yote na kufunga faili. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya nchi hiyo haikufanya hivyo. Ripoti yake ya mwaka wa 2007 ilieleza kwamba beringi ya gurudumu ilikosa mafuta ya kulainisha, ikapata joto kali, na joto hilo likawasha tairi. Watu 23 walikufa kwa sababu ya grisi.

Novemba 4, 2008, karibu na Hannover, Ujerumani, basi la watalii liliwaka moto katika barabara kuu na watu 20 wakafariki. Katika siku za kwanza ilivumishwa kwamba kuna abiria aliyekuwa akivuta sigara kisirisiri chooni. Lau mambo yangeishia hapo, somo pekee ambalo wasafiri wangelipata ni kuwachukia wavutaji sigara. Uchunguzi wa wataalamu ndio uliobaini kwamba kisa kilikuwa hitilafu ya nyaya za umeme za basi lenyewe. Marehemu hakuwa na hatia.

Mfano wa tatu unahusu injini moja kwa moja. Desemba 12, 2017, basi la shule katika mji wa Oakland, jimbo la Iowa, lilirudi nyuma likaingiza magurudumu mtaroni. Dereva alipokanyaga mafuta akijaribu kulitoa, bomba la moshi lilikuwa limezibwa na ukingo wa mtaro. Turbo ya injini ikapata joto kupita kiasi, moto ukazuka mbele na kupenya hadi ndani. Dereva na mwanafunzi wa miaka 16 wakafariki. Baada ya uchunguzi, bodi iyo hiyo ilipendekeza kwamba mabasi ya shule yawekewe mifumo ya kuzima moto kwenye injini.

Mikasa yote mitatu ilichunguzwa hadi mwisho, na sababu ikatajwa hadharani kwa jina. Ni kwa kutajwa huko ndipo msemo wa "ajali haina kinga" unapoanza kupoteza makali yake.

Kwani injini huwakaje? Jambo hilo halina uchawi. Turbo na mabomba yanayotoa moshi kwenye injini ya dizeli inayopanda mlima na mzigo huweza kufikia joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli yenyewe huhitaji takriban nyuzi 210 hadi 250 tu ili ishike moto bila ya kiberiti. Kinachozuia vitu hivyo viwili kukutana ni mpira wa mafuta, kifungo kinachoushika mpira huo, na fundi anayekagua vyote viwili. Mpira ukipasuka, mafuta yenye shinikizo hurushwa kama mvua ya manyunyu juu ya chuma chekundu. Hakuna linalobaki ila moshi.

Chanzo cha pili ni umeme. Waya unaosuguana na chuma kwa miezi huchunika ngozi, nao mkondo wa umeme hutafuta njia ya mkato. Waya unaotoka kwenye betri au altaneta bila fyuzi hauna wa kuuzuia. Cha tatu ni breki zinazobana bila kuachia na beringi zilizokauka, kama ilivyotokea Wilmer. Cha nne ni uchafu: oili iliyovuja, vumbi na matambara yaliyoachwa na fundi, ambavyo kwa pamoja huwa kuni zilizopangwa zikisubiri cheche.

Kati ya vyanzo hivyo vyote hakuna kinachokuja ghafla. Oili hudondoka kwa wiki nyingi kabla ya siku ya moto. Harufu ya mpira unaoungua husikika, taa za dashibodi humeta, dereva humlalamikia mwenye gari. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mazingira ya Kenya huongeza mambo yake. Mabasi mengi huundwa humu nchini kwa kujengea bodi juu ya chesisi zilizoagizwa kutoka nje, na lipo hata kiwango rasmi, KS 372, kinachohusu uundaji wa bodi hizo. Lakini gari likishatoka kiwandani huanza maisha ya pili. Huongezwa taa za rangi, spika, skrini, vifaa vya intaneti na matundu ya kuchajia simu kila kiti. Matatu za Nairobi zimeugeuza mtindo huo kuwa sanaa, na vijana huzikimbilia kwa sababu hiyo hiyo. Kila nyongeza huunganishwa kwenye betri ile ile, na usalama wa abiria wote hutegemea iwapo fundi aliyeunganisha aliweka fyuzi na kuupitisha waya mbali na chuma chenye joto.

Isitoshe, mahali ilipo injini huamua nani atauona moto kwanza. Katika mabasi mengi ya kisasa ya masafa marefu, injini iko nyuma, mita kumi au zaidi kutoka kwa dereva. Mara nyingi anayegundua moshi ni abiria wa kiti cha mwisho au dereva wa lori linalofuata. Katika mabasi ya chesisi za malori na matatu kubwa, injini iko mbele, ubavuni mwa dereva na karibu na mlango. Hapo moto hugunduliwa mapema, lakini unaweza kuwafungia abiria njia yao kuu ya kutokea, kama ilivyokuwa hatari kule Iowa.

Ndani ya gari, povu la viti, mapazia, plastiki na bodi za faiba huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Wanaofariki katika moto wa magari aghalabu huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Kuhusu msaada wa nje, Katiba ya 2010 iliwapa magavana na serikali zao jukumu la huduma za zimamoto. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa takriban kilomita 480 na hupitia kaunti kadhaa, sehemu kubwa ikiwa nyika. Basi hubaki majivu katika muda mfupi, na hakuna gari la zimamoto, hata liwe limejaa maji na mafuta, linaloweza kulifikia kwa wakati kutoka mji wa mbali. Kinachoweza kumwokoa abiria lazima kiwe ndani ya basi lenyewe.

Sheria haikulisahau jambo hili kabisa. Magari ya abiria yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinatoza faini ya Sh2,000 gari la abiria lisilokuwa na mtungi wa kuzimia moto unaofanya kazi. Lakini mtungi mdogo unaoshikwa mkononi hufaa kwa moto ulio mchanga, katika dakika ya kwanza, mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Moto uliokwisha kushika injini iliyo nyuma ya kifuniko hauogopi mtungi huo. Zaidi ya hayo, mtu akikifungua kifuniko kwa pupa huupa moto hewa uliyokuwa ukiikosa.

Ndiyo sababu Kanuni Nambari 107 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa barani Ulaya, sasa inadai mabasi mapya yawe na mfumo wa kugundua na kuzima moto ndani ya chumba cha injini. Vihisi hugundua joto lisilo la kawaida, dereva hupigiwa kengele, na kemikali hunyunyizwa moja kwa moja penye moto. Nchini Kenya, mjadala wa usalama wa mabasi umejikita zaidi katika mwendo na dereva tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004. Vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama vilikuwa hatua kubwa. Lakini kidhibiti mwendo hakisemi lolote kuhusu mpira wa mafuta.

Hapa ndipo ukimya unapogharimu. Sheria iliyounda NTSA mwaka wa 2012 inaitaja miongoni mwa kazi zake ile ya kuandaa ripoti za ukaguzi zinazohusu ajali za barabarani, pamoja na kuelimisha umma. Kazi hizo mbili zikiunganishwa, jibu linapatikana: ripoti iandaliwe, na umma uisome.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Ndege ikianguka humu nchini, Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege huingia kazini chini ya kanuni za kimataifa zinazotaka ripoti ya awali iandaliwe katika siku 30. Lengo la ripoti hiyo, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Abiria wa ndege, ambaye kwa kawaida ni mwenye uwezo, hupata maelezo. Abiria wa basi, ambaye ni mama anayempeleka mtoto shuleni Kilifi au kijana anayerudi nyumbani Bungoma kwa mazishi, huambiwa tu kwamba chanzo kinachunguzwa.

Wapo watakaopinga. Wenye mabasi husema kwamba ripoti za hadharani zitawaharibia biashara, na kwamba mifumo ya kuzima moto ni ghali na gharama yake itaishia kwenye nauli. Hoja ya gharama haiwezi kupuuzwa katika nchi ambako ongezeko la Sh200 humfanya mtu aahirishe safari. Lakini hoja ya kwanza inajipinga yenyewe. Biashara zao huharibika sasa hivi, tena kwa uvumi. Mwenye kampuni anayebadilisha mipira ya mafuta kwa wakati na kuwalipa mafundi hodari huhesabiwa sawa na yule anayefunga bomba kwa waya, kwa sababu abiria hana namna ya kuwatofautisha. Basi la mmoja likiungua, wote hutukanwa. Wiki mbili baadaye wote husamehewa, na mzembe hana haja ya kubadilika.

Wapo pia watakaosema kwamba ripoti itavuruga kesi za bima na za mahakamani. Uchunguzi wa usalama unaweza kutenganishwa na kesi, kama inavyofanyika katika ajali za ndege. Anachohitaji abiria ni aya chache zinazoeleza kilichoshindwa, ni kwa nini kilishindwa na ni magari gani mengine yanayopaswa kukaguliwa kabla ya safari ya kesho.

Suala hili litazidi kuwa zito mabasi ya umeme yanapoongezeka. Tangu 2022 yameonekana katika barabara za Nairobi, na tayari wapo wanaoyatazama kwa jicho la shaka. Aprili mwaka uo huo, mabasi mawili ya umeme yaliungua jijini Paris, Ufaransa, na shirika la uchukuzi la jiji hilo, RATP, likayaondoa kwa muda mabasi 149 ya aina hiyo hadi uchunguzi ufanywe. Siku moja basi la aina hiyo laweza kuwaka humu nchini, maana hakuna chombo kisichowaka. Iwapo siku hiyo itakuta nchi isiyo na desturi ya kuchunguza na kueleza, uvumi wa jioni moja utaweza kuua teknolojia nzima, au kinyume chake, kasoro ya kweli itafunikwa kwa kuogopa kuwafukuza wawekezaji.

Kabla ya desturi hiyo kujengeka, abiria hana budi kujilinda kwa kidogo alicho nacho. Anaweza kuuangalia mlango wa dharura anapopanda na kujua nyundo ya kuvunjia kioo iko wapi, kama ipo. Anaweza kukataa mizigo irundikwe njiani mwa abiria. Anaweza kupaza sauti anaponusa mpira au mafuta, hata kama makanga atamwita mwoga. Moto ukizuka, watu watoke kwanza na mizigo ibaki, kwa kuwa anayerudia begi huziba njia ya mwenzake. Dereva naye anapaswa kufunzwa kwamba akihisi moshi asimame hapo hapo, azime injini na afungue mlango, badala ya kujikokota hadi kituo kinachofuata.

Lakini haifai kumtwika abiria mzigo wa kukagua injini. Anayelipa nauli amelipa ili mtu mwingine amkagulie. NTSA ina orodha ya magari, ina vituo vya ukaguzi na ina sheria. Ikianza kwa kuchapisha matokeo ya uchunguzi wa kila basi la abiria linaloteketea, hata yawe ya ukurasa mmoja, baada ya mwaka mmoja itajulikana iwapo tatizo ni mipira ya mafuta, nyaya za nyongeza, beringi au aina fulani ya injini. Hapo ndipo mjadala wa mifumo ghali ya kuzima moto unaweza kufanywa kwa hesabu, na wenye mabasi wataweza kuambiwa kwa uhakika waanze wapi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Kufikia sasa Kenya imekuwa na bahati, kwa kuwa katika visa vingi mabasi yameungua matupu. Kila doa jeusi lililobaki kwenye lami kati ya Athi River na Mariakani ni onyo lililotolewa bure, bila ya kudai uhai wa mtu. Anayepaswa kulisoma onyo hilo na kulitangaza anajulikana kwa jina na kwa sheria. Akiendelea kulipita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, itafika siku ambapo sentensi ya pili katika habari ile ya sentensi tatu italazimika kubadilishwa.